Wewe Fanya Tu

Jumamosi moja jioni, sebuleni kwenye nyumba ya kupanga huko Kimara, mwanafunzi wangu wa tuisheni aliweka kalamu chini na kuniuliza, "Dada, kwa nini?"

Tulikuwa kwenye swali la kawaida kabisa: x² + 5x + 6. Shuleni wanaita kufakitaraizi. Nilikuwa nimemfundisha kama nilivyofundishwa mimi. Tafuta namba mbili ambazo ukizizidisha unapata 6 na ukizijumlisha unapata 5. Namba hizo ni 2 na 3. Andika (x + 2)(x + 3), piga mstari, nenda swali linalofuata. Alikuwa amefanya maswali manane kwa njia hiyo na yote amepata. Kwenye la tisa ndipo akasimama.

"Kwa nini nini?" nikamuuliza.

"Kwa nini tukizidisha tupate ile ya mwisho, tukijumlisha tupate ya katikati? Nani aliamua?"

Nikatazama saa. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini, na mtihani wa moko ulikuwa wiki tatu mbele. Kulikuwa na duara, kulikuwa na logi, kulikuwa na takwimu, vyote hatujavigusa. Nikamjibu, "Wewe fanya tu. Utaelewa mbele ya safari."

Akachukua kalamu, akafanya. Akapata.

Ndani ya daladala, nikiwa nimesimama kwapani mwa mtu, jibu langu likaanza kunisumbua. Mimi ndiye niliye mbele ya safari. Nasoma shahada ya uzamili ya takwimu. Ningeweza kumfungulia yale mabano kwa dakika mbili, nimwoneshe kwamba 2 na 3 zinakutana na x kila moja kwa zamu yake, zinajumlishwa, halafu zinakutana zenyewe kwa zenyewe, zinazidishwa. Jibu nilikuwa nalo. Kilichokosekana ni mazoea ya kudhani kwamba mtu akiuliza anastahili kupewa. Na ile sentensi, "wewe fanya tu", haikuwa yangu. Nilijua kabisa niliisikia wapi.

Mwaka 2013 nilikuwa kidato cha pili katika shule moja ya kata. Tulikuwa zaidi ya sitini darasani, dawati moja watu watatu. Jirani yangu wa kulia ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa kweli. Alikuwa na tabia moja ambayo mimi sikuwa nayo: hawezi kuandika kitu mpaka kimekaa sawa kichwani mwake. Kwenye Kiswahili tabia hiyo ilimpa sifa. Kwenye hesabu ilimchelewesha.

Siku hiyo tulikuwa tunarahisisha vipeuo vya pili. Mwalimu alisema, ukipewa kipeuo cha pili cha namba isiyo na kipeuo kizuri, ivunje, utafute ndani yake namba yenye kipeuo. Akamwita rafiki yangu ubaoni, akampa √8. Akaandika kwa utulivu: 8 ni 4 + 4, kipeuo cha pili cha 4 ni 2, basi jibu ni 2 + 2, yaani 4.

Mwalimu akacheka kwanza. Halafu akamuuliza nani kamfundisha hivyo. Rafiki yangu akasema, "Si umesema tuivunje?" Mwalimu akasema inavunjwa kwa kuzidisha, haivunjwi kwa kujumlisha. Naye akauliza, kwa sauti yake ile ile ya siku zote: "Mbona kwenye kuzidisha inaruhusiwa na kwenye kujumlisha hairuhusiwi?"

Leo nikiliandika swali hilo naona ni swali bora kuliko yote yaliyoulizwa kwenye darasa lile kwa mwaka mzima. Mwalimu aliliona kama kiburi. "Wewe fanya unavyoambiwa," akasema, akampigisha magoti mbele ya darasa, pembeni ya ubao. Kisha akaninyooshea chaki mimi. "Hebu mwoneshe mwenzako."

Nikasimama. Nikaandika: √8 ni √(4 × 2), ni 2√2. Mwalimu akasema nipigiwe makofi. Nikapigiwa, makofi matatu, rafiki yangu akiwa amepiga magoti hatua mbili kutoka nilipo.

Jambo ambalo sikumwambia mtu ni kwamba swali lake hata mimi sikuwa na jibu lake. Nilikuwa nimekariri. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimesoma daftari la kaka yangu na kuona kwamba 8 inaandikwa 4 × 2. Kama kaka angeandika 4 + 4, ningeandika 4 + 4, na tungepiga magoti wote wawili.

Sisemi kwamba magoti ya siku moja ndiyo yaliyomwondoa shule. Alirudia kidato cha pili, baba yake akaugua, wakahama, mambo yakawa mengi. Ninachosema ni kwamba baada ya siku ile hakuuliza tena swali kwenye somo la hesabu. Na mimi niliendelea. Nikajifunza kwamba zawadi inakwenda kwa anayetii haraka. Nikawa mtii hodari, na utii ukanipandisha kidato hadi kidato, hadi chuo kikuu.

Sasa swali linalonisumbua ndilo hili: je, ni kosa kumpa mtu njia bila sababu yake? Nauliza kosa la kimaadili, lile la mtu kumdhulumu mwenzake. Kosa la ualimu najua vyuo vya ualimu vina majibu yake.

Upande wa kwanza una nguvu, na ni haki kuusikiliza. Bibi yangu alinifundisha kusuka ukili bila maelezo. Alishika vidole vyangu, akasema pitisha huku, kunja hapa, kaza. Nilipouliza sana aliniambia nisuke kwanza. Ni baada ya kuharibu mikeka kadhaa ndipo mikono yangu ikaanza kujua kwa nini ukili ukilegea mwanzo mkeka wote unakwenda upande. Hakuna atakayesema bibi alinidanganya. Lugha yetu tunaizungumza hivyo hivyo. Mtoto wa miaka mitatu anasema "kiti kimevunjika" na "miti imevunjika" bila kosa, wala hajawahi kuambiwa habari za ngeli. Kama tungesubiri kuelewa kila kitu kabla ya kukifanya, tungekufa tumekaa.

Tena kuna wale wanaosema jibu sahihi ni jibu sahihi. Hoja hii ni ya zamani. Plato, katika mazungumzo yake yanayoitwa Meno, anampa Socrates mfano wa mtu anayejua njia ya kwenda mji wa Larissa. Mmoja anaijua kwa sababu amewahi kuipita. Mwingine hajawahi kufika, ila anadhani njia ni ile, na dhana yake ni sahihi. Wote wawili wakikuongoza utafika Larissa. Basi aliyejua amemzidi nini aliyebahatisha? Mtihani wa taifa hauulizi ulijuaje. Mwanafunzi wangu akifika Larissa akiwa na daraja C, mama yake atalia kwa furaha, na mimi pia.

Mama yake mwenyewe ndiye aliyenifanya niitilie shaka hoja hii, bila yeye kujua.

Jumamosi iliyofuata, baada ya somo, alinipa hela yangu na kuniomba nimsomee karatasi. Anauza vitumbua na chai barabarani, na alikuwa amechukua mkopo, ile ambayo mtaani tunaiita kausha damu. Karatasi ilisema mkopo ni shilingi 300,000. Alitakiwa kurudisha 12,000 kila siku kwa siku 30. Yeye alikuwa anajua kwamba anarudisha 360,000, yaani 60,000 juu. Lakini mkononi alipewa 270,000, kwa sababu 30,000 zilikatwa siku ile ile, wakaita gharama ya fomu.

Nikamwambia, "Mama, hukukopa laki tatu. Umekopa laki mbili na sabini. Juu yake unalipa elfu tisini. Ni theluthi nzima ya hela uliyopokea, kwa mwezi mmoja."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Mimi nilidhani wamenikata tu kidogo. Wao ndio wanajua hesabu, mwalimu. Wameniambia lipa hivi, nalipa."

Sikuweza kumlaumu. Alikuwa anafanya alivyoambiwa, kama alivyofundishwa, kama nilivyokuwa namfundisha binti yake kwenye meza ile ile. Mtu aliyezoea kwamba hesabu ni amri ya wanaojua, hatauliza fomu gani inagharimu 30,000. Ukishakubali kwamba namba hazina sababu, unabaki kumwamini anayezishika.

Usiku ule nikarudi kwenye Meno. Nilikuwa nimeisoma mwaka wa kwanza kwa ajili ya somo la hiari la falsafa, nikaikariri kama kawaida yangu. Safari hii niliisoma nikiwa na √8 kichwani, nikashtuka.

Ndani ya mazungumzo hayo, Socrates anamwita mtoto wa kiume, mtumwa wa nyumbani kwa Meno, ambaye hajasomeshwa hesabu. Anamchorea chini mraba wenye upande wa futi mbili. Eneo lake ni futi nne za mraba. Anamuuliza: tukitaka mraba wenye eneo mara mbili ya huu, yaani nane, upande wake uwe na urefu gani? Mtoto anajibu bila wasiwasi: mara mbili ya upande huu, yaani nne.

Hilo ni jibu la rafiki yangu. Eneo nane, upande nne. Mtoto yule na rafiki yangu, wakiwa wametengana kwa zaidi ya miaka 2,300, walikosea mahali pamoja.

Socrates hampigishi magoti. Anamwambia wachore. Upande wa nne unatoa mraba wa kumi na sita, ambao ni mara nne badala ya mara mbili. Mtoto anaona mwenyewe. Anajaribu tatu, wanachora, inatoka tisa. Anakiri hajui. Hapo Socrates anamgeukia Meno na kumwambia kwamba mtoto huyu sasa ana hali nzuri kuliko mwanzo, kwa kuwa mwanzo alidhani anajua. Kisha anachora mstari wa kukatisha mraba wa kwanza kutoka kona hadi kona, na mraba uliojengwa juu ya mstari huo unatoka na eneo nane kamili. Urefu wa mstari huo ndio kipeuo cha pili cha nane. Ndio 2√2.

Jibu la swali la rafiki yangu limelala pale pale chini kwenye mchanga. Kwa nini huruhusiwi kuvunja kwa kujumlisha? Kwa sababu kipeuo cha pili ni upande wa mraba, na miraba miwili midogo ukiiweka pamoja haikupi mraba ambao upande wake ni jumla ya pande zao. Mraba wenye upande 2 + 2 unameza miraba minne yenye upande wa 2. Miwili ya ziada huna. Lakini ukivunja kwa kuzidisha, 8 ni mara nne ya 2, na mraba wenye eneo mara nne ya mwingine una upande mara mbili ya ule. Kwa hiyo kipeuo cha 8 ni mara mbili ya kipeuo cha 2. Unaweza kuichora kwa kijiti. Darasa letu lilikuwa na sakafu ya vumbi.

Hata hivyo, nikiisoma leo, Meno inanipa mashaka mengine. Yule mtoto karibu kila mahali anajibu ndiyo, Socrates, hakika, Socrates. Yeye ni mtumwa na wanaomsimamia ni mabwana. Ni kiasi gani cha ile ndiyo ni kuelewa, na ni kiasi gani ni kutii? Mstari wa kona hadi kona hakuubuni yeye, alichorewa. Jina lake hatupewi. Somo likiisha, mabwana wanaendelea kujadili wema ni nini, na hatuambiwi kwamba kuna aliyewaza kuhusu wema wa kuwa na mtumwa. Socrates mwenyewe anasema kwamba kwa sasa mawazo ya mtoto ni kama ndoto, na kwamba akiulizwa tena na tena kwa njia nyingi ndipo atakuwa na maarifa. Najiuliza nani alimuuliza tena.

Nayataja haya kwa sababu si haki kudhani kuwa kuchora peke yake ndiyo dawa. Mtu anaweza kukuonesha sababu kwa namna inayokuacha pale pale ulipokuwa. Kuna kitu zaidi ya sababu kinachodaiwa, nami nilikipata kwa mtu mwingine.

Neno aljebra limetoka kwenye jina la kitabu kilichoandikwa Baghdad karibu na mwaka 820 na Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi. Al-jabr ni kurudishia, kuunga kilichovunjika. Mzizi wake ndio ule ule wa neno letu jabari. Kwa Kihispania cha zamani, mtu aliyeunga mifupa iliyovunjika aliitwa algebrista. Katika kitabu hicho hakuna x wala alama ya kujumlisha, vyote vimeelezwa kwa maneno. Mojawapo ya mifano yake inayojulikana sana ni hii: mraba na mara kumi ya upande wake ni 39. Sisi tungeandika x² + 10x = 39.

Anatoa njia kwanza, hatua kwa hatua. Gawanya kumi kwa mbili, upate tano. Tano mara tano ni 25. Jumlisha na 39, ni 64. Kipeuo chake ni nane. Toa tano, inabaki tatu. Hadi hapo ni "wewe fanya tu" kama ya mwalimu wangu. Lakini haishii hapo, anachora. Huu hapa mraba. Hizi hapa mistatili miwili yenye upana wa tano, moja ubavuni na nyingine chini. Pale konani pana pengo, na pengo hilo ni tano kwa tano, yaani 25. Ukiliziba, umbo lote linakuwa mraba mmoja mkubwa wa 64. Ile 25 ambayo ilionekana kama uchawi ni kona iliyokuwa haipo.

Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu mirathi: mtu kafa, kaacha mke, watoto wa kiume na wa kike, wosia na madeni, kila mmoja apate ngapi. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kugawa mirathi anajua kwamba pale, jibu sahihi halitoshi. Shangazi anataka kuona fungu lake limetokaje. Asipooneshwa, hata kama ni sahihi, anaondoka akiwa amedhulumiwa, kwa sababu amelazimishwa kumwamini ndugu mwenye kalamu. Kumwonesha mtu hesabu ilivyotoka ni kumpa nafasi ya kusema hapana. Hicho ndicho mtoto wa kwa Meno hakuwa nacho, na ndicho rafiki yangu alichokiomba.

Inachekesha kidogo kwamba neno algorithimu, ambalo leo tunalitumia kwa orodha ya hatua zinazofuatwa bila kuuliza, limetoka kwenye jina la mtu huyu aliyejisumbua kuchora.

Basi narudi kwa bibi na ukili wake. Bibi na mwalimu wangu wote walisema fanya kwanza. Tofauti yao haikuwa kwenye fanya. Bibi nilipombana sana alisema, "Hata mimi mjukuu wangu sijui, ndivyo nilivyofundishwa na mama." Au alisema, "Subiri ufike kwenye ukingo, utaona." Aliniachia mlango wazi. Mwalimu alisema fanya, akafunga mlango, akaweka adhabu mlangoni.

Kwa hiyo sidhani kukariri ni dhambi. Kukariri ni mkopo. Unapewa leo kitu ambacho hujakilipia kwa kuelewa, nawe unakitumia kuvuka. Kuna siku mtu anahitaji mkopo, na mwenye moko wiki tatu mbele ni mmoja wao. Kosa linaingia pale anayekukopesha anapokuficha kwamba ni mkopo. Anapokufanya uamini kwamba hakuna kingine cha kujua, kwamba hesabu ndivyo ilivyo, na kwamba wewe unayeuliza ndiye mwenye kasoro. Wale wa kausha damu walikosea hapo kwanza, kabla hata ya riba yao. Waliandika 300,000 mahali palipotakiwa kuandikwa 270,000.

Na mimi nilikuwa nimemwandikia mtoto wa watu "utaelewa mbele ya safari", nikijua siku ya kumlipa haimo kwenye ratiba yangu.

Jumamosi ya tatu nilikwenda na manila na mkasi. Nilikata mraba mmoja mkubwa, vipande vitano vyembamba vyenye urefu sawa na upande wa mraba ule, na vimraba sita vidogo, upande wa kila kimoja sawa na upana wa vipande. Nikamwambia, "Wiki ile uliniuliza swali nikakukatisha. Nilikosea. Hivi vyote vipange viwe mstatili mmoja, bila pengo."

Alipanga vipande vyote vitano upande mmoja. Vimraba sita vikakosa pa kukaa. Akahamisha kimoja, vikawa vinne upande huu na kimoja chini. Ikatokea kona ya vimraba vinne, vikabaki viwili mkononi. Akahamisha kingine. Vitatu huku, viwili kule. Kona ikaingia vimraba sita, pap.

"Kumbe sita ndiyo kona!" akasema. Akakaa kidogo. "Na tano ni hivi vipande, ndiyo maana vinajumlishwa."

Nikamuuliza, huko shuleni vigawo mlivyosoma shule ya msingi mliviacha wapi? Akanitazama. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kufakitaraizi ni kutafuta vigawo vile vile vya darasani kwao kwa Kiswahili, ambavyo alivijua vizuri.

Halafu akauliza, "Na vimraba vikiwa saba?" Kwa kanuni nilijua haiwezekani. Kwa kona nilikuwa sijawahi kujua. Nikamwambia hivyo. Tukatafuta pamoja, tukapasua kipande kimoja katikati kwa urefu, tukapata mbili na nusu huku, mbili na nusu kule, kona ya 6.25. Akajaribu mgawanyo mwingine na mwingine, kona ikawa inapungua. Saba haziingii, hata ukipasua vipi. Lilituchukua somo zima na nusu ya lililofuata.

Moko ikaja. Mara ya mwisho shuleni alikuwa amepata 31. Kwenye moko alipata 43. C inaanzia 45. Swali la vigawo alilipata lote. Logi aliiacha wazi, kwa sababu somo la logi ndilo tulilolitumia kukata manila. Mama yake alinitazama, akasema taratibu, "Mbili tu, mwalimu." Hakunilaumu, wala hakunifukuza. Lakini alikuwa na haki ya kusema hivyo, na sina jibu la kumpa. Sababu inakula muda, na muda wa maskini unalipiwa kwa saa. Anayetetea kuelewa bila kuitaja gharama hiyo naye anaficha kitu.

Tulichokubaliana na binti ni hiki. Kila mada naanza kwa kumwambia ukweli: hii nitakuonesha sababu yake leo, hii tunaikariri kwa sasa, sababu tutaifuata baada ya mtihani, hii hata mimi sijui, tutaitafuta. Anaandika pembeni mwa daftari herufi D, yaani deni. Ana D kumi na moja mpaka sasa. Juzi alinikumbusha moja.

Wiki iliyopita nilimtafuta rafiki yangu wa dawati. Namba yake niliipata kwa binamu yake. Yuko Ifakara, ana watoto wawili, anauza mchele. Tulicheka sana kwanza. Kisha nikamwambia kuhusu √8, kuhusu mtoto wa kwa Meno aliyejibu kama yeye, na kwamba swali lake lilikuwa swali la kweli.

Hesabu yenyewe alikuwa ameisahau. Alichokumbuka ni kwamba siku ile alikuwa amevaa sketi mpya aliyoshonewa na mama yake, na vumbi la sakafu liliing'ang'ania mbele.

"Wewe ulikuwa unajua?" akaniuliza. "Ile sababu."

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa nimekariri."

Akanyamaza. Nilisikia mtu kwa nyuma akiuliza bei ya kilo, naye akamjibu.

"Ungesema," akaniambia. "Siku ile. Ungesema tu."